Siku Nilipotoa Makochi Nje

Jamani, nimechoka kuulizwa habari za makochi. Nikienda sokoni naulizwa, nikienda kunyoa naulizwa, Jumapili natoka zangu kanisani na rozari mkononi, mzee mzima ananishika bega, ananiuliza kwa upole kabisa, "Vipi Baba Neema, makochi yameshaingia ndani?" halafu anaondoka mabega yanamcheza. Basi leo naisimulia mwenyewe, mara moja, tangu mwanzo, kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza chumvi, na mimi naona ilikuwa imekolea vya kutosha tangu siku ile ile. Aibu ninayo, siikatai. Ningekuwa na pa kuificha ningeshaificha, lakini mtaa wetu mzima wa Majengo ulikuwepo, na wakwe zangu wa Maposeni walikuja na gari.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, nimekua nasikia meli ikipiga honi, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakimbia mpaka ufukweni kuipokea kana kwamba imetuletea kitu (haikutuletea kitu hata siku moja). Baadaye nikapata kazi huku Songea, duka la vipuri vya pikipiki, nikaoa Mngoni wa Maposeni, nikabaki na baridi na mahindi. Ugonjwa wangu ni mmoja tu, naunda meli. Si za kupanda mtu, ni meli za mfano, ndogo, za kuangalia. Wenzangu wanakunywa pombe ya komoni, wengine wanashabikia mpira mpaka wanavunja viti vya watu, mimi nikitoka kazini nakunja mianzi. Mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, nauchonga kwa kipande cha mninga nilichookota kwa mafundi seremala, mbavu zake ni za mianzi, halafu ubavuni navisha mbao nyembamba, moja moja, na kila moja naibana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Ndiyo maana kwangu nguo zinaanikwa bila vibanio, na upepo wa mlima Matogoro ukishuka mke wangu anakwenda kuokota kanga zake kwa majirani. Habari ya vibanio tumeshagombana mpaka tumechoka.

Meli yenyewe safari hii ilikuwa ile ya utotoni mwangu, nimeifanya ndefu kama kitanda cha mtoto, na nilikuwa nimeipatia chumba kizima. Chumba cha mwisho, kile cha wageni, binti yetu Neema alipoolewa Njombe kikabaki kitupu, nikakiomba, nikapewa. Nilikipanga kile chumba jamani! Meza chini ya dirisha nipate mwanga, jiliwa la kubania mbao nimelifunga kwenye kona ya meza kwa bolti, misumeno na patasi zimening'inia ukutani na kila moja nimeichorea umbo lake kwa mkaa, ikitoka najua imetoka, mikebe ya maziwa imejaa misumari kwa ukubwa wake, gundi juu, msasa chini, na kamba za milingoti nimezizungushia kwenye vijiti zisijifunge. Nikiingia humo nikafunga mlango, hata deni sikumbuki.

Kisha mama mkwe akaugua.

Mama mkwe, Bibi Skola, alikuwa anaishi peke yake Maposeni tangu baba mkwe afariki. Presha ikawa inampanda, dawa anameza akikumbuka, siku moja wakamkuta amekaa chini jikoni hajui kama ni asubuhi au jioni. Mke wangu akamleta kwetu, na chumba chenye dirisha zuri ni kipi? Sikusema neno. (Mke wangu anasema sikusema neno ila nilipumua, na pumzi yangu ilisikika mpaka barabarani.) Karakana yangu ikaingia kwenye ndoo, ndoo zikaingia chini ya kitanda, meli ikapanda juu ya kabati la vyombo sebuleni. Na Bibi Skola si mjinga. Kila akiniona natafuta patasi chini ya kitanda anasema, "Mkwe, mimi nawabana. Nirudisheni kwangu." Na kila akisema hivyo mke wangu ananitazama mimi. Usiku mmoja aliniambia waziwazi: "Mama akirudi kule peke yake, atakufa. Na akirudi kwa sababu ya pumzi zako, Batista, mimi na wewe tutaonana." Aliponiita kwa jina la ubatizo nikajua mambo si ya mzaha.

Kwa huruma, au kwa kuchoka kuona ndoo zangu, akanipa kona ya sebule, ile nyuma ya mlango. Nizibe kwa ubao, niweke meza ndogo, basi. Sharti moja tu, makochi yake nisiyaguse.

Sasa asubuhi ya mkasa mama mkwe aliamka na kizunguzungu. Mvua zilikuwa zinanyesha, baridi kali, tukamviringisha blanketi mpaka kichwani, nikambeba mimi mwenyewe hadi kwenye bajaji (ni mwanamke mdogo, mwepesi), mke wangu akaketi akampakata kichwa. Jirani yetu Mama Festo alikuwa anafagia kwake, akauliza hali, nikamwambia si nzuri. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nimsindikize mgonjwa, mke wangu akasema, "Wewe baki, hospitali unanichosha na maswali yako." Bajaji ikaondoka. Nikabaki na siku nzima ya ruhusa mkononi, nyumba kimya, na kona yangu inanisubiri.

Nikaingia sebuleni kupima. Ndugu zangu, sebule yetu ukiingia na ubao mrefu hugeuki. Kabati liko hapa, makochi yako pale, meza ya vioo katikati inakutega magoti. Nikasema, niyatoe nje mara moja, nipigilie ubao wangu, nifagie, niyarudishe kabla hawajarudi, nani atajua? Nikatoa kochi la kwanza, la pili, lile refu nikaliburuta, nikatoa meza, zulia, hata mapazia nikayavua yasishike vumbi la msumeno. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji, nikaichomoa pamoja na soketi yenyewe nipate kusogeza kabati, haikuwa imeingiza chochote. Simu ya mke wangu aliisahau kwa haraka ya asubuhi, ikawa inaita mahali fulani ndani ya makochi, nikapekua mito, sikuiona, nikaiacha iite.

Nilipomaliza nikatazama mbinguni, wingu jeusi. Makochi ya mke wangu, nje, mvua inakuja! Nikakimbia kwa Mzee Haule, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, maana turubai la jumuiya linakaa stoo kwake. Mwenyewe hayupo, nikamkuta mkewe, Mama Haule, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama. Naomba turubai."

Akaacha kupepeta. "Turubai? Kuna nini baba?"

Hapo, jamani, hapo ndipo penyewe. Ningesema, "Mama, nimetoa makochi nje, natengeneza kona ya kuundia meli," yangeishia pale. Lakini mara ya mwisho nilipotaja meli kwenye jumuiya walicheka mpaka sala ya kufunga ikaahirishwa, mmoja akaniuliza nitaipitisha mto gani. Nikaona haya. Nikainamisha kichwa nikasema, "Aa, mama, wewe acha tu."

Mama Haule akaweka ungo chini. Hakuuliza tena. Alilibeba turubai upande mmoja mpaka kwenye geti na kunifungia kamba yeye mwenyewe, machozi yanamlengalenga, nikasema moyoni huyu mama ana utu sana.

Nikalitandaza juu ya makochi, nikafunga kwenye mpapai na kwenye nguzo ya umeme. Na sisi sote tunajua, mimi nikiwemo, nimezika watu wengi katika mtaa huu, kwamba nyumba ikitoa makochi nje, sebule ikabaki tupu kwa ajili ya mikeka, na turubai la jumuiya likasimama, huhitaji kutangaziwa. Hata mtoto anajua. Ila mtu hajioni mwenyewe kwa nje, si ndiyo? Mimi nilikuwa naona kona yangu tu.

Na kama hiyo haitoshi, ubao wa kona ukabaki mrefu, nikawa na mbao nyeupe za msindano za ziada, nikasema kabla ya yote niitengenezee meli kasha lake, maana juu ya kabati kuku wanaipanda. Nikaanza kupigilia pale uani, mbele ya barabara. Kasha refu, lenye mfuniko, na kwa kuwa meli ni nyembamba upande wa omo, yaani mbele, nikalipunguza upande mmoja. Vanishi nikapaka pia. Mnaipata picha? Mimi sikuipata.

Mama Festo akapita na beseni lake la maandazi. Akasimama, akatazama makochi, akatazama turubai, akatazama kasha, akashika mdomo, akageuka akarudi kwake anakimbia, andazi moja likaanguka. Nikamcheka. Sikukumbuka kwamba Mama Festo ni wa Maposeni, na kwamba kaka yake mama mkwe, Mjomba Alanusi, namba yake anayo.

Baada ya muda akaja Mzee Haule. Amevua kofia. Akanipa mkono wa kushikilia kwa muda mrefu, akakaa kwenye kochi, kimya. Wakaja wanaume wengine watatu na mabenchi ya jumuiya kichwani, wakayapanga, wakakaa, kimya. Na kwetu huku mfiwa haulizwi maneno, unakaa naye tu. Mimi nikafikiri nini? Msinicheke. Nikafikiri wamekuja kuangalia meli. Nikaona hatimaye watu wameelewa, wamekuja kumuunga mkono mwenzao na kazi ya mikono yake, nikafurahi mpaka nikaanza kuwaeleza lile kasha.

"Nimelitengeneza mwenyewe," nikamwambia Mzee Haule. "Mbao nilikuwa nazo."

"Tunaona," akasema. "Ni watu wachache wangefanya hivi kwa mkono wao."

"Ndani nitaweka sponji."

Mzee akatoa leso akajifuta macho. Nikasema, kumbe mzee wa watu anapenda meli namna hii na mimi sikujua.

Halafu wakaja wanawake. Kanga viunoni, mmoja ana unga, mmoja ana kuni, mmoja ana mkeka, wakanipita wakaingia sebuleni kwangu, kwenye vumbi la msumeno, wakatandika. Kisha kutoka ndani ikasikika sauti ya Mama Festo: "Uuuwi, mama yetu Skola! Umetuacha na nani!"

Nyundo ikanidondoka. Haikunijia hata kidogo kwamba wamekosea. Nilijua moja kwa moja kwamba mama mkwe amefia hospitali, kwamba mke wangu amepiga simu, simu yangu imezima, watu wote wameambiwa na mimi ni wa mwisho kujua, nipo hapa napigilia misumari. Na sasa nawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Kitu cha kwanza kilichopita kichwani mwangu, kabla ya huzuni, kabla ya sala, kilikuwa chumba. Chumba kimebaki wazi. Kilipita upesi sana, lakini kilipita, na mimi nilikiona kikipita. Baada ya hapo nililia. Nililia nikakaa chini kwenye matope, nikamkumbuka anavyonikatia kipande kikubwa cha samaki kwa sababu mimi ni mtu wa ziwani, nililia mpaka Mzee Haule akaniinua kwa kwapa na kunilaza kwenye kochi refu. Bosi wangu naye akafika, akanikuta hivyo, akanipigia ishara ya msalaba kana kwamba maiti ni mimi.

Mchana ikaingia kanta, lile lori dogo, kutoka Maposeni, imejaa, watu wanaimba. Mjomba Alanusi akashuka kwenye kabini na koti lake jeusi, lile la harusi za watu, akanikumbatia. "Tumekuja kumchukua dada," akasema. "Kule vijana wameshachimba. Udongo laini, mvua hizi." Nikazidi kulia. Chakula kilikuwa kimeshaiva, makande masufuria mawili.

Hapo ndipo bajaji ikakata kona.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mke wangu. Anatoka hospitali na mgonjwa wake, kadungwa sindano, katulia, wanarudi zao, anafika kwake anakuta makochi yake nje, turubai, mabenchi, kanta, watu wamejaa, wanawake wanalia ndani. Mgonjwa yuko naye kwenye bajaji. Sasa aliyekufa ni nani, na nyumbani alimwacha mtu mmoja tu? Akaruka bajaji haijasimama. "Batista wangu! Mume wangu jamani! Nilimwacha mzima!" Akapita katikati ya watu mikono kichwani, kiatu kimoja, akafika kwenye kochi, akanikuta nimekaa. Akapiga ukelele. Nikapiga ukelele. Yeye aliona marehemu anamtazama, mimi niliona mfiwa mwenzangu amekuja, nikamkumbatia, "Pole mke wangu, mama ametutoka," akanisukuma, akasema, "Mama yupi?"

Na kule kwenye bajaji, ndani ya blanketi, sauti ikasema, "Jamani, nishusheni. Au nilale humu humu?"

Sitaki kuwachosha na habari ya waliokimbia. Geti letu lina bawaba moja mpaka leo. Mama Festo alirukia nje kwa dirishani. Waimbaji wa Maposeni walirudi kwenye kanta wakajifungia, na dereva akaiwasha.

Bibi Skola akashuka mwenyewe, polepole, akashikilia mpapai. Akatazama turubai. Akatazama makochi ya binti yake. Akamwona kaka yake.

"Alanusi, shikamoo kaka. Nani amekufa?"

Mjomba akafunga kifungo cha koti lake.

"Nimeuliza. Nani amekufa?"

Mjomba Alanusi akakohoa. "Wewe, dada."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa sukari imepanda bei. Halafu akaliona kasha. Akalisogelea, na mimi nikawa nyuma yake nasema mama, hilo la meli, mama, ni la meli tu, kuku, kwa ajili ya kuku, na kadiri nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akalipima kwa shubiri kutoka upande mwembamba mpaka mwisho, watu wote wanamtazama.

"Lingenibana magoti," akasema.

Wengine wakacheka, kicheko kile cha kutua mzigo. Yeye hakucheka. Akanigeukia, na kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo siku zote, macho chini maana mkwe hatazamwi usoni, akasema, "Mkwe, kama chumba ulikihitaji, ungeniambia tu."

Nilitazama wanaume wa jumuiya wanisaidie, kila mmoja anachunguza kiatu chake. Mke wangu alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja, hanitazami.

Mjomba akaleta shida nyingine. Kaburi limeshachimbwa, na wazee wa kule hawakubali kaburi lifukiwe tupu, linaita mtu mwingine. Lazima kiingie kitu. Wakaanza kubishana, na Bibi Skola akawakata: "Mkate mgomba, muuweke kwenye sanduku hilo la mkwe wangu, mkauzike. Na mimi nipakieni. Mmekuja kunichukua, nichukueni."

Mke wangu akamshika miguu, akalia. Mimi nikapiga magoti, nikasema mama, dawa zako, mama, kule nani atakupikia. Akasema, "Mahindi yangu yanahitaji mtu." Akapandishwa mbele, kwenye kabini, na mfuko wake wa dawa mapajani. Kasha langu likapakiwa nyuma. Kanta ikaondoka na waliobaki wakala makande, kwa sababu chakula hakina kosa, na mvua ikanyesha, na wakati watu wote wamekimbilia ndani makochi yalikuwa bado nje, maana turubai Mzee Haule alikuwa ameshalikunja.

Kesho yake mke wangu alihamisha vitu vyangu kwenda kile chumba cha mwisho. Peke yake, bila kusema. Meza chini ya dirisha, jiliwa kwenye kona, kila patasi kwenye umbo lake ukutani, mikebe yote kwa mpangilio, hata vibanio vya nguo akavileta vyote akaviweka kwenye sahani. Karakana ilipangika kuliko nilivyoipanga mimi. Akasema, "Haya, chumba hicho," akatoka. Nilikaa mle jioni baada ya jioni na meli mbele yangu na sikuweza kubandika hata ubao mmoja. Ukutani kulikuwa na msumari alikokuwa anatundika rozari yake.

Habari za Maposeni zikawa zinakuja. Bibi anakwenda shamba. Bibi kameza vidonge vya siku mbili kwa mara moja. Bibi kaonekana amekaa njiani, anasema anapumzika. Nikaanza kwenda kila Jumamosi kumwomba. Ananipokea vizuri tu, ananipa togwa, ananichomea mahindi mabichi, tunaongea habari za mbolea, nikitaja kurudi ananyamaza. Nyuma ya nyumba mgomba wangu umezikwa na una msalaba. Nilimwambia chumba nimekitoa vitu vyote (kweli nilivitoa, viko kwenye ndoo), kitanda kimetandikwa. Akasema ahsante. Nikarudi peke yangu. Mke wangu akiniona nashuka stendi peke yangu anageuza njia.

Jumamosi moja mvua ilitukamata tumekaa barazani, hakuna pa kwenda. Akauliza bila kunitazama.

"Mkwe, Mama Festo ananiambia siku ile ulilia kuliko wote."

"Nililia, mama."

"Kabla ya kukumbuka chumba, au baada?"

Ningeweza kusema kabla. Nani angejua? Lakini nilikumbuka "wewe acha tu" yangu kwa Mama Haule na yote yaliyofuata, na nilikuwa nimechoka, nimechoka kabisa, sikuwa na nguvu ya kuficha kitu kingine.

"Baada, mama."

Nikasikia kitu kama kikohozi, nikageuka nikaona anacheka, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, anacheka mpaka kigoda kinatikisika. "Walau huyu hasemi uongo," akasema peke yake. "Wenzio wote wangesema kabla." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza:

"Makochi yako ndani?"

"Yako ndani, mama."

"Yote?"

"Yote. Na hayatoki tena mpaka nife mimi."

Na hicho ndicho kiapo changu, kishikeni. Kochi la nyumbani kwangu halivuki kizingiti. Nikifagia nainua mguu wa kochi nafagia chini yake, narudisha. Na mtu akiniuliza kuna nini namwambia kilichopo, hata kama ni meli, hata kama atacheka. Meli yenyewe naiunda barazani jikoni, kwenye kipande cha ubao, jioni naikusanya kwenye ndoo, na milingoti bado haina.

Alikwenda kuchukua mfuko wake wa dawa. Tukapanda gari mpaka stendi ya Songea, pale nikaita bajaji, na mvua ndiyo kwanza inapamba moto, dereva akaanza kushusha lile turubai la pembeni tusilowe. Bibi Skola akamzuia mkono.

"Liache hivyo hivyo, mwanangu. Pita na barabara ya sokoni, na uende taratibu. Nataka wanione."

Tulipita Majengo yote taratibu, yeye ameketi wima anapungia watu mkono, na tulifika nyumbani tumelowa chapachapa sote wawili.